Sauti ileile, midundo kibao: tunamsikiliza Candi Staton

REHEMA: Karibuni tena jamani. Leo tuna mama mmoja tu, mwimbaji Candi Staton, mzaliwa wa Hanceville kule Alabama, 1940. Kaka Sudi hapa ana hoja yake na tangu tumeingia studio hajatulia.

SUDI: Nitatuliaje dada! Watu wanasema huyu mama kabadilika-badilika, mara injili, mara soul, mara disko. Mimi nasema midundo ndo ilibadilika, yeye toka kanisani hajawahi kutoka.

REHEMA: Hebu anza mwanzo, kuna mtu anamsikia leo mara ya kwanza.

SUDI: Haya. Utotoni yupo kwenye Jewell Gospel Trio na dada yake, wanazunguka wanaimba injili miaka ya 50. Baadaye anakutana na Clarence Carter, yule mwanamuziki asiyeona ambaye alikuja kuwa mume wake, ndo anamfikisha kwa prodyuza Rick Hall pale studio yake ya FAME, mji wa Muscle Shoals, hukohuko Alabama. Sasa Rick Hall hakuwa na huruma, anamrudisha kwenye wimbo, tena, tena, mpaka sauti inakauka, na ule mkwaruzo ndo anautaka.

REHEMA: Unausikia kabisa kwenye Stand By Your Man ya 1970. Ule ni wimbo wa kantri bwana, wa Tammy Wynette, ukimsikia Tammy anaimba kwa unyenyekevu, mke ametulia nyumbani. Candi akiushika yeye unajiuliza huyu mama anatoa ushauri au analia? Maneno ni yaleyale lakini mimi simwamini hata kidogo kwamba huyo mwanaume anastahili kuvumiliwa.

SUDI: Umeona! Huo si ushuhuda wa kanisani?

REHEMA: Subiri, hapo kwenye disko ndo tunaachana. Young Hearts Run Free, 1976, kule Marekani ikashika namba 1 kwenye chati ya R&B, Uingereza namba 2. Pale hakwaruzi kaka, sauti imelainika, inateleza juu ya vinanda na matarumbeta. Ni uimbaji mwingine kabisa.

SUDI: Koo limelainika sawa, ila sikiliza anasema nini. Prodyuza wake David Crawford alikuwa anamuuliza habari za maisha yake, naye anamsimulia mahusiano aliyokwama ndani yake, mateso matupu, jamaa akaenda akaandika wimbo kutokana na yale. Kwa hiyo watu wanacheza, wanaruka, kumbe mama wa watu anahesabu miaka iliyojaa machozi na anawaambia vijana msije mkanaswa kama mimi. Kila nikiusikia harusini nashtuka, harusini jamani!

REHEMA: Hahaha, kweli wanaupiga harusini.

SUDI: Miaka ya 80 akaachana na pombe, akarudi kwenye injili moja kwa moja, akatoa Make Me an Instrument 1983. Halafu ikaja You Got the Love, alirekodi 1986, na anayeimbiwa ni Mungu. Madijei wakachukua sauti yake wakaiweka juu ya mdundo wa Your Love, ile ngoma ya house ya Frankie Knuckles na Jamie Principle, 1991 ikafika namba 4 Uingereza.

REHEMA: Na pale anaposema kuna wakati natamani niinue mikono juu nikate tamaa, klabu nzima inainua mikono!

SUDI: Nzima! Wale wanadhani ni wimbo wa mapenzi, ila mwili unajua unachofanya. Mimi ule wimbo naupenda mpaka nashindwa kueleza.

REHEMA: Mimi wangu ni His Hands, 2006. Nashville, prodyuza Mark Nevers, na kwenye kinanda yupo Barry Beckett, mkongwe wa Muscle Shoals. Wimbo wenyewe kaandika Will Oldham. Unaanza na mikono ya mwanaume inayobembeleza, ikageuka mikono inayopiga, mwisho mikono ya Mungu. Na ule mkwaruzo umerudi kaka, safari hii hakuna wa kumrudisha mara mia, ni umri na maisha.

SUDI: Sasa dada si unanipa hoja yangu mwenyewe?

REHEMA: Nakupa nusu. Disko sikupi, pale alijifunza kitu kipya, kuimba maumivu bila kupaza sauti, na ndo maana kwenye His Hands ile sehemu ya kupigwa anaipitia taratibu tu. Binti wa FAME angepiga kelele. Usikilize leo usiku halafu tubishane wiki ijayo.