Duqm: Mchina, Mmarekani na Mwingereza kwenye bandari moja

Assalamu alaykum jamani, habari za huko nyumbani? Niko Ruwi, Muscat, hizo honi mniwie radhi. Leo ni lile swali lenu la kila siku: hawa Waarabu wako kwa Mchina au kwa Mmarekani?

Fungueni ramani, tafuteni Duqm, bandari ya hapa Oman. Iko kusini, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa, zamani ilikuwa ya wavuvi tu. Utamu wake ni pale ilipokaa: meli ikitoka hapo inaingia baharini moja kwa moja, haipiti Mlango wa Hormuz, ile njia nyembamba ya kutokea Ghuba. Na Hormuz ikifungwa, mafuta mengi ya Ghuba yamekwama.

Basi mwaka 2016 Wachina wakaja na mpango wa mji wa viwanda, dola bilioni 10 na ushei. Mwingereza ana kituo chake cha kijeshi hapo hapo. Mwaka 2018 manowari za India nazo zikaruhusiwa kutia nanga. Machi 2019 Mmarekani naye akasaini, akaruhusiwa kutumia bandari za Duqm na Salalah. Wote hao bandari moja! Sasa mwenye nyumba atamfukuza mpangaji gani, na wote wanalipa?

Ila hayo mabilioni ya kwenye hotuba, mimi huwa nayasikiliza huku nakunywa kahawa yangu. Mji ule wa Wachina mpaka leo haujafika hata karibu na picha walizotuonesha. Kiwanda kikubwa cha kusafisha mafuta kilichozinduliwa Duqm mwaka 2024 ni cha Oman na Kuwait. Na zile dola bilioni 600 alizoahidiwa Trump na Saudia kule Riyadh, Mei 2025? Ahadi hiyo, tusubiri.

Kuna jambo linalowagusa nyinyi mnaotumiwa pesa. Mafuta ghafi ya Oman sehemu kubwa inakwenda China, lakini riali imefungwa kwenye dola tangu zamani: riali 1 ni dola 2.60. Mteja ni Mchina, kipimo ni cha Mmarekani. Dola ikipanda huko kwenu, na kile ninachomtumia mama kinaongezeka.

Msidhani ni rahisi kula na wote, lakini. Waulizeni Imarati: Mmarekani hakutaka mitambo ya Huawei, kampuni ya Kichina, kwenye mtandao wao wa 5G, wao hawakukubali masharti, na mwishoni mwa 2021 mazungumzo ya kununua ndege za kivita za Mmarekani, F-35, yakasimama.

Haya, maswali niachieni hapo chini. Wa Mombasa, leo naanza na nyinyi.