Ukuta wa Mpakani Ungemzuia Nani?

Asanteni. Historia ya mashambulizi ya kigaidi ya al-Shabaab hapa Kenya mnaijua, sitairudia. Naanza na ukuta. Walionisikia nikiuzungumzia kwingine wanivumilie, maana sijajibiwa bado.

Mwaka 2015 serikali yetu ilituahidi ukuta kwenye mpaka wa Kenya na Somalia, mpaka wenye urefu wa karibu kilomita 700. Ilipofika 2019, wabunge walielezwa kwamba shilingi bilioni 3.4 zimekwisha kutumika, na kilichopatikana ni uzio wa waya wa kilomita kama 10 kule Mandera. Pigeni hesabu: milioni 340 kwa kilomita moja! Bunge likataka kazi isimamishwe.

Kuna atakayeniambia usalama hauna bei. Hapana, ndugu yangu, una bei, na hela iliyoingia kwenye waya haikuingia kwingine. Haya, tufanye ukuta umekamilika, kuanzia Mandera hadi Kiunga. Ungemzuia nani? Mmoja wa wauaji wa Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, alikuwa Mkenya, msomi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mtoto wa chifu wa huko huko Mandera. Na babake, sikilizeni hili, alikuwa amesharipoti kwa wakuu kwamba kijana ametoweka. Habari hiyo ililetwa mlangoni, bila zabuni wala mkandarasi! Na shambulizi la hoteli ya DusitD2 jijini Nairobi, Januari 2019? Mmoja wa washambuliaji alikuwa mtoto wa mwanajeshi wetu, akiishi nyumba ya kupanga Kiambu.

Sidai serikali inaweza kuzuia kila shambulizi. Hakuna serikali duniani inayoweza. Ndiyo maana nauliza kuhusu saa zinazofuata. Garissa wauaji walikuwa wanne, wakaingia alfajiri. Recce, kikosi maalumu cha polisi, kilikuwa Nairobi, kikafika mchana, waandishi wa habari waliokwenda kwa barabara wakiwa wameshatangulia. Kilipoingia, kilimaliza kazi kwa muda mfupi. Kwa hiyo askari tulikuwa nao. Usafiri wa kuwafikisha ndio uliochelewa, na watu 148 walikufa.

Ukiuliza haya unaambiwa ni siri ya taifa. Anglo Leasing, ile kashfa ya zabuni hewa za usalama, nayo ilipita chini ya siri hiyo hiyo, na sisi tukalipa.

Moja tu la mwisho. Aprili 2014, katika Usalama Watch, msako wa polisi dhidi ya ugaidi, maelfu ya watu walikamatwa, wengi wao Wasomali wa mtaa wa Eastleigh, Nairobi, na wengi wakazuiliwa uwanja wa Kasarani. Wabunge wa kamati ya usalama wanijibu: mzazi aliyezuiliwa Kasarani, mwanawe akitoweka kesho, ataenda kuripoti kwa nani?