Kufungua kampuni China kwa jina lako mwenyewe

Ndugu zangu mlioko Dar, Mombasa, Kampala na Bujumbura, karibuni tena. Leo niko hapahapa Guangzhou na najibu swali mnalonitumia kila wiki: mgeni anaweza kufungua kampuni China bila kumweka Mchina ndani yake? Anaweza. Kampuni inakuwa yako kwa asilimia 100. Ukisikia wafanyabiashara wa huku wanataja WFOE (Wholly Foreign-Owned Enterprise, yaani kampuni inayomilikiwa na mgeni kwa ukamilifu), ndiyo hiyo.

Nianze na linaloniuma. Bado kuna watu wetu wanafika Xiaobei, mtaa wa hapa Guangzhou wenye Waafrika wengi, wanampata rafiki Mchina, wanasajili kampuni kwa jina la rafiki huyo kwa kuwa ni haraka. Hela zako, wateja wako, lakini kwenye karatasi wewe hupo. Mkikosana, au akifariki na warithi wake wakaja, utaonyesha nini? Nawasihi sana, msikubali.

Sheria yenyewe imekufungulia mlango. Sheria ya Uwekezaji wa Kigeni ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2020 na ikafuta sheria tatu za zamani, ikiwemo ile ya 1986 iliyohusu kampuni zinazomilikiwa na wageni peke yao. Siku hizi unasajili katika ofisi ileile ya usimamizi wa soko anakosajili Mchina, isipokuwa shughuli yako iwe kwenye orodha ya zile zilizozuiwa kwa wageni. Orodha ya kitaifa ya mwaka 2024 imebaki na vipengele 29, na vizuizi vya viwandani vimeondolewa vyote. Kununua bidhaa na kuzisafirisha Afrika hakumo kabisa.

Unachohitaji: jina la kampuni kwa maandishi ya Kichina, kwa sababu ndilo linalotambulika kisheria, anwani halisi ya ofisi yenye mkataba wa pango, na maelezo ya shughuli zako, ambayo uyaandike kwa makini maana ndiyo mipaka ya biashara yako. Kama mwenye hisa ni kampuni yako ya nyumbani, hati zake zinathibitishwa huko kabla hazijaja. China ilianza kutumia Mkataba wa Apostille, ule wa nchi kutambuliana hati rasmi, tarehe 7 Novemba 2023. Nchi yako ikiwa mwanachama, cheti kimoja kinatosha. Ikiwa si mwanachama, zungukia wizara ya mambo ya nje kisha ubalozi wa China, na anza mapema.

Sasa mtaji. Hapa mawakala wengi wa usajili bado wanatoa ushauri wa zamani: andika milioni kadhaa za yuan upate heshima, hakuna atakayekudai. Hayo yamepita. Sheria ya Kampuni iliyorekebishwa ilianza tarehe 1 Julai 2024, na inakutaka ulipe mtaji wote uliouandika ndani ya miaka 5 tangu kampuni kuanzishwa. Kwa hiyo kaa na mhasibu, pigeni hesabu ya pango, mishahara na mzigo wa mwanzo, kisha uandike kiasi unachokiweza. Usiandike kidogo mno pia, maana fedha unazoingiza kutoka nje kuendesha kampuni mara nyingi zinapita kama mtaji, na kuongeza baadaye ni kurudi kubadilisha usajili.

Leseni ikitoka, ina namba yake ya herufi na tarakimu 18, na watu wanapiga picha wanafurahi. Mimi ninakuuliza: mihuri iko wapi? Hapa nisikilizeni vizuri. Kuna mhuri wa kampuni, wa fedha, wa ankara na wa mwakilishi wa kisheria, na kwa kawaida mihuri hiyo inasajiliwa polisi. China mhuri ndio unaoifunga kampuni. Mtu akiugonga kwenye mkataba, kampuni inaweza kudaiwa hata kama wewe hukutia saini na ulikuwa Arusha umelala. Halafu unamwachia wakala “akutunzie”? Chukua mihuri siku ileile inapotoka. Wa kampuni kaa nao wewe, wa fedha akae nao mtu mwingine unayemwamini, na vile vifaa vya kuidhinisha malipo ya benki visikae mfuko mmoja na mihuri.

Mwakilishi wa kisheria pia uwe wewe, au mtu wako wa damu aliyekubali akijua uzito wake. Kampuni ikishindwa kulipa deni lililoamuliwa na mahakama, yeye ndiye anayeweza kuzuiwa kutoka nchini.

Kodi ya mapato ya kampuni ni asilimia 25, ila kampuni ndogo yenye faida isiyozidi yuan milioni 3, ikitimiza masharti ya udogo, inalipa asilimia 5 hadi mwisho wa 2027. Hata usipouza kitu, unawasilisha ritani ya sifuri. Hesabu za kodi ya mwaka zinafungwa kabla ya tarehe 31 Mei na ripoti ya mwaka kabla ya 30 Juni. Ukichelewesha ripoti, jina la kampuni linaingia kwenye orodha ya zenye dosari, na kila mteja anaweza kuliona mtandaoni.

Je, kila mtu anaihitaji? Hapana. Kama unajaza kontena moja moja pale Yiwu, mji wa masoko ya jumla, wakala wa kusafirisha nje anakutosha. Kampuni ni kwa mwenye mzigo wa mfululizo, anayetaka kuajiri, kutoa ankara rasmi, na kudai marejesho ya kodi ya ongezeko la thamani anaposafirisha bidhaa nje. Na ukiona biashara haiendi, usipande ndege ukaiacha ikining'inia. Maliza kodi, tangaza kwa wadai, funga rasmi. Leseni ikifutwa kwa kutelekezwa na ikaonekana mwakilishi ndiye aliyehusika, anazuiwa kuongoza kampuni nyingine hapa kwa miaka 3.