Paka wa Lamu, Waajemi wa Manda, na Ami Aliyejitoa Kwenye Grupu

KHADIJA: Assalaam alaykum, karibuni tena. Leo nimekuja na karatasi. Swaleh, iangalie vizuri. Mambo matatu, yote nimeyapigia mstari.

SWALEH: Wa alaykum salaam. Nimeiona, Mwalimu. Na mimi nimekuja na saa. Nina abiria wa Faza, kule kisiwa cha Pate, na maji yakishakupwa pale mlango wa Mkanda chombo hakipiti. Kwa hivyo usianze na utangulizi wako ule.

KHADIJA: Sianzi na utangulizi, naanza na ugomvi. Wengine mumeshausikia barazani. Wiki hii kijana wetu mmoja wa Mombasa alituma kwenye grupu la ukoo picha ya kichwa cha habari: Waswahili wana damu ya Kiajemi. Habari yenyewe ya 2023, lakini kwenye grupu la ukoo hakuna habari inayochacha. Ami akajibu kwa ujumbe wa sauti. Nilianza kuusikiliza nikiwa natia mchele, wali ukaiva, Ami bado yuko kwenye "kwanza kabisa".

SWALEH: Mimi niliuharakisha. Ami akawa kama mtangazaji wa mpira.

KHADIJA: Anachosema Ami, ukitoa salamu na lawama, ni hiki: sisi tumesema miaka yote kuwa wazee wetu walitoka Shirazi, huko Uajemi, wasomi wakatucheka, leo wasomi haohao wamerudi na mashine wanasema tulilosema. Nami nikamjibu kwa adabu...

SWALEH: Kwa adabu! Uliandika "Shikamoo Ami", chini yake ukashusha aya nne na tarehe.

KHADIJA: Tarehe ndiyo adabu ya mwalimu wa historia. Wewe ulifanya nini? Waambie wasikilizaji ulifanya nini.

SWALEH: Nilibadilisha picha ya grupu.

KHADIJA: Uliweka nini?

SWALEH: Paka wa Kiajemi. Yule wa manyoya marefu, pua imebonyea. (Kicheko.)

KHADIJA: Na hapo hapo: "Ami amejitoa." Nikamrudisha. "Ami amejitoa." Shangazi akaandika, mrudisheni mtu mzima. Nikamrudisha. Akakaa kimya hadi baada ya Isha, halafu akajitoa.

SWALEH: Alimngojea imamu kwanza. Ami ana utaratibu wake.

KHADIJA: Haya, sasa karatasi. La kwanza: nani alisema nini, na nani akaja kumpima. Mwaka 1966 Neville Chittick, mwanaakiolojia Mwingereza, alianza kuchimba mji wa kale wa Manda, kisiwa cha hapo ng'ambo tu. Akakuta vigae vya vyombo vya Ghuba, vya namna ile ya Siraf, bandari ya zamani ya Uajemi, akakuta matofali ya kuchoma, akakuta kuta kubwa za kuzuia bahari. Akasema mji huu ulianza karne ya 9, na waliouanzisha walitoka Ghuba ya Uajemi. Hakuota. Alisoma kilichokuwa mbele yake.

SWALEH: Kwa hivyo Chittick na Ami lao moja.

KHADIJA: Subiri. Mwaka 1980 mwanaakiolojia mwingine, Mark Horton, akaenda Shanga, mji wa kale kule kisiwa cha Pate, karibu na Siyu. Yeye hakuridhika na kuta za mawe zinazoonekana. Alichimba ndani ya Msikiti wa Ijumaa, akashuka tabaka kwa tabaka. Chini ya msikiti wa mawe kuna msikiti mwingine, chini ya huo mwingine, mpaka akafika kwenye mashimo ya nguzo za miti. Msikiti mdogo, wa mwishoni mwa karne ya 8.

SWALEH: Hapo huwa sielewi. Mti umeoza zaidi ya miaka elfu, shimo lake linabakije?

KHADIJA: Mti ukioza, shimo linajaa udongo mwingine, wenye rangi yake. Ukikwangua mchanga kwa mwiko, polepole, unaona duara jeusi. Duara moja si kitu. Ukiona safu ya maduara yamepangana, umeona jengo. Na huko chini kabisa, vigae vingi ni vya vyungu vilivyofinyangwa papa hapa, ukoo mmoja na vyungu vya bara. Vya kutoka ng'ambo vipo, ila vichache. Kule Tanzania mwanaakiolojia Felix Chami naye akafuata vyungu vya namna hiyo, akavihusisha na vya wakulima wa zamani zaidi wa pwani. Na 1985 wakatokea wasomi wawili, Nurse na Spear, na hoja ya lugha: Kiswahili ni ndugu wa Kipokomo na Kimijikenda. Vitabu vikabadilika. Miji hii ni ya wenyeji, iliyofanya biashara na bahari.

SWALEH: Halafu ikaja 2023.

KHADIJA: Halafu ikaja 2023. Utafiti kwenye jarida la sayansi la Nature. Walipima chembe za urithi kutoka mifupa ya watu 80, wengi wao wa makaburi ya pwani ya kati ya 1250 na 1800. Manda imo, Mtwapa imo, Kilwa imo...

SWALEH: Na Faza imo. Abiria wangu hao.

KHADIJA: Na Faza imo. Wakakuta kwa wengi wao upande wa mama karibu wote ni wa Afrika, na upande wa baba kwa sehemu kubwa ni wa Asia, hasa Uajemi, na kidogo India. Kuchanganyika kulianza kama mwaka 1000. Damu ya Uarabuni ilikuja kuongezeka baadaye, baada ya 1500.

SWALEH: Basi Ami kashinda. Tufunge kipindi.

KHADIJA: Kashinda swali ambalo Horton hakuliuliza! Horton aliuliza mji umetoka wapi. Hawa wameuliza nani alimuoa nani. Mtu akija na chombo kipya, mara nyingi anajibu swali la jirani, na watu wanadhani kajibu lile lile la kwanza.

SWALEH: Hapo umeniacha.

KHADIJA: Nitakupa mfano wako mwenyewe. Ukipakia wageni hapo jeti, paka akipita, huwa unawaambia nini?

SWALEH: Aa. Usianze.

KHADIJA: Unawaambia nini?

SWALEH: Ninawaambia paka wa Lamu ni kizazi cha paka wa Firauni. Angalia shingo, angalia masikio, angalia mwili mwembamba, ni wale wale wa kwenye michoro ya makaburi ya Misri. Wageni wanapenda. Kila mwongoza wageni hapa anasema hivyo.

KHADIJA: Na wewe uliambiwa na nani?

SWALEH: Na aliyenitangulia.

KHADIJA: Naye?

SWALEH: Na aliyemtangulia! Ndivyo elimu inavyopita, Mwalimu.

KHADIJA: Na mtu mia wakisema jambo walilolisikia kwa mtu mmoja, hao ni mashahidi wangapi?

SWALEH: Mmoja. Sawa. Lakini paka wenyewe wapo, wana masikio.

KHADIJA: Kila paka ana masikio, Swaleh! Sikiliza. Zamani hata wasomi walikuwa wakisema kama wewe, kuwa paka alianza kufugwa Misri, kama miaka 4,000 iliyopita, kwa sababu ya ile michoro. Halafu 2004 Wafaransa wakatangaza kaburi la kisiwa cha Saiprasi, la kama miaka 9,500. Mtu amezikwa, na kando yake paka amezikwa. Na Saiprasi haikuwa na paka wa mwitu wa asili.

SWALEH: Kwa hivyo aliletwa kwa chombo.

KHADIJA: Alivushwa bahari.

SWALEH: Mashaallah. Paka wa zamani kuliko wote wanaojulikana, abiria. Hiyo nitaiweka kwenye maelezo yangu kesho.

KHADIJA: Bado. Mwaka 2007 wakapima chembe za urithi za paka 979, wa nyumbani na wa mwituni. Jibu: paka wote wa nyumbani asili yao ni paka mwitu wa Mashariki ya Karibu. Misri ikawekwa kando. Watu wakasema haya, limekwisha. Mwaka 2017 wengine wakaja na mabaki ya paka wa kale, zaidi ya 200, wamo na wa Misri waliokaushwa. Na Misri ikarudi! Wakasema kulikuwa na mawimbi mawili: moja lilifuata wakulima kutoka huko Mashariki, jingine lilitoka Misri baadaye, likaenda na njia za biashara. Paka wa ukoo wa Misri kaonekana mpaka Ralswiek, bandari ya Waviking kwenye bahari ya Baltiki.

SWALEH: Ngoja, ngoja. Kama alifika kwa Waviking kwenye barafu, atashindwa kufika Lamu?

KHADIJA: Angeweza. Sijasema hakufika.

SWALEH: Basi nasema kweli!

KHADIJA: Unasema jambo linaloweza kuwa kweli kwa sababu isiyohusiana nalo. Masikio si ushahidi. Na hawa wa mtaani kwetu wamechanganyika na paka wa kila meli iliyotia nanga hapa.

SWALEH: Una maana gani, wamechanganyika? Yule wa kijivu pale sokoni, wa samaki...

KHADIJA: Yule asiye na mkia?

SWALEH: Mkia alikatwa, si ukoo. Uso ule ni wa Firauni, wallahi.

KHADIJA: (Anacheka.) Haya, Firauni wa soko la samaki. Mimi nilitaka uone mwendo tu: Misri, halafu si Misri, halafu Misri kiasi. Na kila mara yule wa nyuma alikuwa na chombo ambacho wa mbele hakuwa nacho. Sasa rudi Manda. Horton anakupa msikiti mwishoni mwa karne ya 8. Damu inaanza kuchanganyika kama mwaka 1000. Mji ulikuwepo miaka mia mbili na zaidi kabla ya harusi. Ami anasema Waajemi walianzisha mji. Hapana. Walioa ndani ya mji uliokwishasimama.

SWALEH: Hapo sikubali. Shanga si Manda. Umechukua tarehe ya mji mmoja na mifupa ya mji mwingine. Halafu huo mwaka 1000 ni makadirio, au kuna cheti cha ndoa? Kaburi la zamani kabisa waliloligusa pwani ni la 1250. Waliokufa kabla ya hapo hamkuwauliza.

KHADIJA: Ni makadirio, ndiyo. Na bado ushahidi wote tulio nao unaelekea upande mmoja.

SWALEH: Na jambo jingine. Unasema kila mtafiti anampima aliyemtangulia. Vizuri. Sasa aliyewatangulia wote ni nani? Ami. Baba yake Ami. Wao walisema Shirazi kabla ya Chittick kuzaliwa. Mbona kwenye orodha yako wa kwanza ni mtu wa 1966?

KHADIJA: Utafiti wenyewe unasema matokeo yanaendana na habari za wafalme wa Kilwa, sultani wa Shirazi na wanawe na majahazi saba.

SWALEH: Kwa sababu za Kilwa ziliandikwa. Za Ami hazikuandikwa, kwa hivyo hazimo. Ndiyo maana kajitoa, Mwalimu. Si paka.

KHADIJA: Ni paka kidogo.

SWALEH: Ni paka kidogo.

KHADIJA: Lakini Swaleh, katika ule ujumbe wote wa sauti, Ami alimtaja bibi mmoja? Hata mmoja? Mifupa inasema mama zetu ni wa hapa hapa. Wazee walikumbuka nusu, na ni nusu iliyokuwa ikilipa. Ukijiita Mshirazi unapata cheo. Ukimtaja bibi wa Kipokomo unapata nini? Siwezi kuiita hiyo kumbukumbu iliyothibitishwa.

SWALEH: Na mimi siwezi kuiita kumbukumbu ya uongo. Walisema wanaume walitoka Uajemi. Wanaume walitoka Uajemi.

KHADIJA: Baadhi ya wanaume, wa makaburi ya watu wakubwa! Waliozikwa karibu na msikiti, kwenye mawe na nakshi. Hao si mji mzima. Chapurukha Kusimba na wenzake, hao wa utafiti wa 2023, walipewa ruhusa na wenyeji, mifupa ikapimwa, ikarudishwa ardhini. Kazi safi. Lakini ni makaburi ya wenye nacho.

SWALEH: Basi na wakachimbe ya wasio nacho.

KHADIJA: Hayana jiwe. Utayajuaje?

SWALEH: (Kimya.) Hayo... hayo ni mengine.

KHADIJA: Ndiyo utafiti unaofuata huo. Mtu atakayejua pa kuyatafuta, ndiye atakayempima huyu wa 2023.

SWALEH: Sawa, lakini Ami bado anadai jina lake kwenye karatasi. Hapo sitoki.

KHADIJA: Na mimi sitoki kwenye mabibi. (Simu inalia.) Ami?

SWALEH: Abiria. Anauliza kama naondoka. Mwalimu, maji yameanza.

KHADIJA: Tuko kwenye la kwanza! La pili nilitaka ile ya 2015, watafiti waliorudia majaribio 100 ya saikolojia, na yaliyotoa jibu lile lile ni kama theluthi na ushei. Nilitaka tuseme kurudia jaribio ni...

SWALEH: Theluthi tu? Na hayo mengine?

KHADIJA: Ndiyo nilitaka kueleza! Kuna yaliyokuwa na watu wachache mno, kuna...

SWALEH: Wiki ijayo. Na la tatu?

KHADIJA: La tatu ni nani analipia utafiti. Hilo halisemwi mtu akiwa amesimama.

SWALEH: Basi lisisemwe. Wasikilizaji, mwenye picha ya paka wa mtaani kwake atume, tumlinganishe na Firauni.

KHADIJA: Msitume kwangu. Tumeni kwa nahodha. Swaleh, umeacha chaja. Na ukifika Faza niulizie kama yale makaburi ya kando ya...

SWALEH: Nipigie njiani, nikishavuka Mkanda. Huku hakuna mtandao.