Embe mbivu, maembe mabivu: kusikiliza tunda moja katika nyumba moja

Mabibi na mabwana, karibuni. Mezani pana matunda manne ya uani. Sijayataja jina, kwa makusudi. Leo tunajifunza kurekodi jinsi watu wa nyumba moja wanavyolitaja tunda moja.

Mwoneshe tunda moja mtu wa Mombasa, wa Mwanza na wa Nairobi, umwulize hiki nini. Wote watakujibu: embe. Utaondoka ukidhani hawatofautiani, kumbe umeuliza nusu ya swali. Weka la pili kando ya la kwanza, umwombe aeleze anachokiona. Mtu wa pwani, hasa aliyelelewa na bibi mzaliwa wa pwani, mara nyingi atasema "embe hizi mbivu, zimeiva". Hiyo ni ngeli ya I-ZI, na nomino haibadiliki. Wa bara atasema "maembe haya mabivu, yameiva", LI-YA, kama vitabu vya shule. Hata kwa tunda moja, kivumishi kinafichua: huyu "embe mbivu", yule "embe bivu".

Halafu kuna "mayembe". Hili linastahili sikio la karibu. Sauti a na e zinapokutana, ulimi unapanda kidogo njiani, na y nyepesi inachomoza. Wengine wameirudisha y hiyo hadi kwenye umoja, wakapata "yembe". Msiicheke; ni kazi ya kawaida ya mdomo. Cha kushangaza zaidi ni kwamba a na e hizo hazikuungana. Katika maneno ya zamani ma- huungana na irabu inayofuata: jino, meno. Maembe hayakuwa "membe". Kwangu mimi hiyo ni dalili kwamba ma- ilibandikwa baadaye, juu ya neno lililofika likiwa zima.

Na lilitoka mbali. Kimarathi ni amba, Kiarabu cha Ghuba ni hamba. Ibn Battuta, yule msafiri kutoka Morocco, alipopita Mogadishu mwaka 1331, alieleza tunda aliloliita anba: likiiva huliwa kama matunda mengine, likiwa bichi hutiwa siki likawa achari. Wala achari hiyo haijatoka mezani hadi leo.

Magharibi zaidi mambo yanageuka. Kinyarwanda husema umwembe, imyembe. Kiganda omuyembe, emiyembe. Tunda na mti vina jina moja. Kwa Kiswahili mwembe ni mti tu, ndiyo maana mitaa inaitwa Mwembe Tayari, Mwembechai, Mwembeladu. Kwa hiyo mtu mwenye asili ya Kigali akisema "nimekula mwembe", hajatafuna gogo.

Sasa kazi yenyewe. Chukua matunda manne, mabivu mawili na mabichi mawili, ya ukubwa mmoja. Ukubwa ni muhimu: ukichanganya dodo kubwa na vidogo, hata mtu wa I-ZI anaweza kusema "maembe" kwa kukuza, kama nyumba inavyokuwa majumba, nawe utamwandika mahali pasipo pake. Mhoji bibi, mama na mjukuu, kila mmoja peke yake. Wakiwa pamoja, mjukuu humsahihisha bibi kwa Kiswahili cha darasani, na bibi, kwa adabu au kwa kuchoka, humfuata.

Usilitaje tunda. Ukisema "haya maembe", umeshamlisha jibu, na hata hilo "haya" tupu linatosha kuharibu. Uliza "nini hiki?", kisha onesha kwa kidole na sema "endelea". Unataka vitu vinne: umoja, wingi, kivumishi na kitenzi. Simu ya kurekodia iwe kama sentimita 20 kutoka mdomoni, ubavuni kidogo ili pumzi isiipige, na mbali na feni. Faili la WAV, lisilobana sauti, ni bora. Sauti iliyobanwa sana inaweza kuila y ile nyepesi, ukabaki hujui kama ni maembe au mayembe.

Dakika za mwanzo mtu husema kama mtangazaji wa redio. Mpe kisu amenye, zungumzeni bei ya sokoni, aina anazopenda. Hapo ndipo utasikia "boribo" kwa mmoja na "bolibo" kwa mwingine. Yaandikwe yote mawili, kwa kuwa hata wauzaji hawaandiki namna moja: Kenya utaona zaidi boribo, Tanzania bolibo.

Mwisho, Nairobi. Utaletewa "maembe zimeiva": nomino ya ngeli moja, kitenzi cha ngeli nyingine. Wakusanyaji wengi hukimbilia kusahihisha hapa, wakaandika "yameiva" wakidhani wamemsaidia msemaji. Andika zi-. Kisha mwulize aseme sentensi ileile kwa machungwa na kwa mapapai. Akirudia zi- kote, basi huo ni utaratibu wake wa wingi, hauhusu embe peke yake. Akisema ya- kwa machungwa na zi- kwa embe tu, mwulize bibi yake alizaliwa wapi.