Kuishi Mars: tuanze na hewa kwanza

Haya jamani tuanze, muda wenyewe mfupi. Nimeombwa niongelee makazi ya binadamu huko angani, kwenye sayari ya Mars, na najua wengi mmekuja na roketi kichwani, zile kubwa zinazorudi zenyewe na kutua, lakini mi leo roketi siigusi maana ukishafika ndo kazi inaanza. Nataka tuongelee hewa, yaani nani anakutengenezea hewa utakayovuta kesho asubuhi.

Kuna jengo linaitwa Biosphere 2, liko Arizona kule Marekani, jengo la vioo la kama eka tatu, ndani wakaweka kipande cha msitu wa mvua, bahari ndogo yenye matumbawe, nyika, jangwa na mashamba. Septemba 1991 wakaingia watu wanane, wanaume wanne na wanawake wanne, mlango ukafungwa, lengo wakae miaka miwili wajitegemee. Chakula walijitahidi kwelikweli, walilima ndizi, mapapai, viazi vitamu, mpunga, karanga, sehemu kubwa ya walichokula ilitoka humohumo ingawa walikonda na njaa haikuwaisha. Hewa ndo iliwashinda. Hapa tulipo oksijeni ni karibu asilimia 21 ya hewa, mle ndani ikawa inashuka mwezi baada ya mwezi hadi baada ya miezi 16 ikafika kama 14. Waliopanda Kilimanjaro wanaelewa, ni kama umeshapita kambi ya Horombo unaelekea ya Kibo, halafu hapohapo unatakiwa ushike jembe ulime, kila siku. Watu wakawa hoi, usingizi hawaupati, Januari 1993 ikabidi oksijeni iingizwe kutoka nje.

Sasa ilienda wapi? Udongo waliouweka ulikuwa na mboji nyingi mno, vijidudu vya kwenye udongo navyo vinatumia oksijeni kama sisi na kutoa hewa ukaa, mimea ikashindwa kwenda navyo sambamba. Ila wakipima hewa ukaa wanaona haijapanda kiasi hicho, oksijeni imepotea na hewa ukaa iliyotakiwa kuonekana badala yake haipo! Kumbe zege. Kuta za zege zilikuwa zinanyonya hewa ukaa na kuifunga ndani kama chokaa, na oksijeni imeenda nayo. Naomba mlishike hilo, wajenzi walifikiria msitu, bahari, mpaka wadudu wa kuchavusha maua, wakaangushwa na udongo na ukuta. Na hao wachavushaji wengi walikufa, mende na sisimizi ndo wakastawi, na wale watu wanane wenyewe wakagawanyika makundi mawili ya wanne wanne, uhusiano ukawa mbaya.

Lakini angalau nje ya vioo kulikuwa na Arizona. Mars nafasi nzuri ya safari inapatikana kila baada ya miezi 26 hivi, njiani miezi kama saba, na sayari zikiwa mbali ujumbe wa redio unachukua dakika zaidi ya 20 kwenda tu, kwahiyo ukiuliza oksijeni inashuka tufanyeje, jibu linakukuta baada ya dakika 40. Kile kituo cha kimataifa kinachozunguka dunia kina watu mfululizo tangu Novemba 2000, na 2023 walifikia kurudisha asilimia 98 ya maji, mkojo, jasho, mpaka mvuke wa pumzi, nafurahi kila nikilisema hili, ila kipo kilomita 400 tu juu yetu na chakula na vipuri vinatoka huku.

Wapo wanaosema hewa tutaitengeneza hukohuko, na ni kweli inawezekana. Hewa ya Mars ni nyembamba sana, karibu yote hewa ukaa, na kifaa kinaitwa MOXIE kwenye roboti ya Perseverance kilitoa oksijeni humo mara 16 kati ya 2021 na 2023, jumla gramu 122. Mtu mmoja anahitaji kama gramu 840 kwa siku, piga hesabu, hazimfikishi masaa manne. Kilikuwa kifaa kidogo cha majaribio na kilifaulu kabisa, ila kikubwa kitataka umeme usiku na mchana, na dhoruba ya vumbi ya 2018 ndo iliyoizima Opportunity, roboti nyingine ya hukohuko iliyokuwa inategemea sola.

Mionzi hatari ya angani sitaikalia, unaweza kujifukia chini ya udongo, japo udongo huohuo una perklorati, sumu ambayo chombo cha Phoenix kiliiona 2008, kwahiyo huwezi kuotesha mchicha hivihivi. Kinachonisumbua zaidi ni watoto. Mvutano wa Mars ni asilimia 38 ya wetu, na binadamu waliokaa muda mrefu zaidi kwenye mvutano uliopungua tu, sio kuelea kama kule kituoni, ni wale wawili wa Apollo 17 mwaka 1972, siku tatu mwezini. Siku tatu! Mimba, mifupa ya mtoto anayekua, hakuna aliyepima.

Kwahiyo msimamo wangu ni huu, kabla mtu hajauza tiketi za familia, lifungwe jengo hapahapa duniani miaka mitano, zege lake lipimwe, na asiingie mtu na mtungi wa oksijeni. Haya naona mikono, tuanze na dada pale nyuma.