Saa Moja na Gorila wa Bwindi

NEEMA: Karibuni kipindini. Mimi ni Neema, na niko na kaka Baraka, aliyetoka kupiga picha gorila wa milimani kule Bwindi, kusini magharibi mwa Uganda. Pole na safari, kaka.

BARAKA: Asante, dada. Ule msitu ni wa kupanda na kushuka tu, matope mpaka kwenye vifundo. Nawashauri wasikilizaji wamchukue mpagazi langoni. Ni vijana na akina mama wa vijiji vya jirani, na ile pesa inawafaa kweli.

NEEMA: Msikilizaji mmoja ameuliza anunue lenzi gani. Ana hofu kwamba yake ni fupi.

BARAKA: Asihangaike na yale malenzi marefu ya kupigia simba Serengeti. Gorila unamkuta karibu, majani yamejaa kati yenu. Ya milimita 70 hadi 200 inatosha, mradi iingize mwanga mwingi. Shida ya Bwindi ni giza: mnyama mweusi, chini ya miti mizito, mara nyingi na mawingu juu. Na flashi ni marufuku. Unapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, hadi 3200, hata 6400, na chengachenga zikitokea kwenye picha unazikubali.

NEEMA: Mbona kwenye picha nyingi gorila anatoka wa kijivu, kama kamwagiwa majivu?

BARAKA: Kamera ndiyo inayodanganyika. Ikiona weusi umejaa, inadhani mahali pana giza kuliko palivyo, inaongeza mwangaza. Manyoya yanapauka, na majani ya nyuma yanakuwa meupe pe. Punguza mwangaza kwa hatua moja hivi, weusi utarudi, na ule mgongo wa fedha wa dume mkubwa utaonekana fedha kweli. Halafu subiri ageuke palipo na upenyo wa mwanga. Tazama pua yake, dada! Mikunjo iliyo juu ya matundu ya pua hailingani kwa gorila wawili. Watafiti na waongozaji huwatambua kwa hiyo. Ukiipata pua imetoka safi, umempiga yeye na si mwingine.

NEEMA: Na muda mnaopewa?

BARAKA: Saa moja. Wageni 8 kwa familia moja ya gorila kwa siku, basi.

NEEMA: Sasa nije kwenye jambo linaloniumiza. Hizi picha za mitandaoni, mtu na gorila karibu bega kwa bega.

BARAKA: Linaniumiza hata mimi. Kanuni ilikuwa mita 7, na tangu Uviko ni mita 10, na barakoa juu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford Brookes walipitia picha 858 za Instagram, za 2013 hadi 2019, wakakuta nyingi sana zinaonyesha watu walio umbali wa chini ya mita 4 kutoka kwa gorila. Watu wanasahau kwamba gorila anaambukizwa mafua yetu. Mwaka 2009 kule Rwanda, familia ya Hirwa ilipatwa na ugonjwa wa mapafu, na virusi vyenyewe ni vya binadamu. Jike mmoja na kichanga walikufa.

NEEMA: Kumbe! Na wakikusogelea wenyewe? Watoto wao ni watundu.

BARAKA: Watundu hasa. Unashusha kamera, unarudi nyuma taratibu, unamsikiliza mwongozaji. Dume akikujia, inama, usimkodolee macho, na usithubutu kukimbia. Hawa wanyama wametoka mbali, dada. Sensa za 2015 hadi 2016 na 2018 ziliwahesabu 1,063 tu duniani kote: 604 kwenye milima ya Virunga, inayogawanywa na Rwanda, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Uganda, na 459 Bwindi na Sarambwe, msitu wa jirani upande wa Kongo. Waliongezeka kwa sababu kuna watu wanalala msituni wakiwalinda. Picha yangu haiwezi kuwa na thamani kuliko kazi hiyo.

NEEMA: Na gharama ya kwenda kuwaona je?

BARAKA: Mgeni wa mbali analipa dola 800 Uganda, na 1,500 Rwanda. Ila raia wa Afrika Mashariki kwa Uganda analipa kwa shilingi, bei ya chini mno. Beba kitambulisho. Na mwenye chini ya miaka 15 haruhusiwi.

NEEMA: Turudi kwenye picha zako. Ukiambiwa utundike moja tu ukutani?

BARAKA: Ile ya jike ananyonyesha, amekaa mbali, majani yamemzunguka, dume anaonekana nusu mgongo. Inaonyesha anaishi wapi na anaishi na nani. Sura tupu ninazo nyingi, haziniambii hivyo.

NEEMA: Lakini hata ukiwa mbali, lenzi inavuta. Mtazamaji atadhani ulikuwa puani pake, naye atataka hivyohivyo akifika.

BARAKA: Ndiyo maana naomba kila anayepandisha picha ya gorila aandike chini yake: lenzi gani, na alisimama umbali gani. Mstari mmoja tu.

NEEMA: Basi za kwako tutaziweka kwenye ukurasa wetu leo jioni, kila moja na umbali wake.